Wananipigia makofi kwa solo isiyo yangu

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuifuta. Leo naituma ilivyo, kabla sijabadili mawazo.

Nina miaka 27, naishi Sinza, Dar es Salaam, na mchana nauza kwenye duka la dawa. Tarumbeta nilianza nikiwa na miaka 11 kwetu Machame, kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika. Mwalimu wetu alikuwa mwinjilisti asiyependa utani: unapiga noti kama zilivyoandikwa, na ukiongeza pambo lako unakaa benchi Jumapili nzima. Nilipohamia Dar nikajiunga na vijana wa matarumbeta. Kila Jumamosi tunapanda nyuma ya pikapu, tunasindikiza maharusi kutoka kanisani hadi ukumbini, na kukiwa na sendofu tunapiga Ijumaa pia. Hapo naweza kupuliza hata saa mbili mfululizo, wimbo mmoja unazaa mwingine, kina mama wakizidi kucheza nasi tunazidi. Lakini huo ni muziki wa barabarani tu. Unanilipia chumba.

Jazi niliikuta kwenye simu. Usiku mmoja nilisikia tarumbeta imetiwa kizibo, inaongea taratibu kama mtu anayekuambia siri, na sikulala. Baba nilipomwambia nimeanza kupiga jazi alifurahi, akadhani ni ule muziki wa bendi za dansi za zamani, akauliza, "Kama Morogoro Jazz?" Nikamchezea. Alisikiliza dakika mbili akasema, "Mbona haichezeki?"

Sasa tuko watano: besi, drams, kinanda, kaka wa saksafoni na mimi. Alhamisi usiku tunapiga kwenye hoteli moja. Wimbo wenyewe naupiga bila shida maana nimeusoma. Shida ni zamu yangu ya solo. Nikisimama pale mbele kichwa kinakuwa cheupe. Napanda skeli, nashuka skeli, napotea katikati ya mzunguko wa wimbo, mpiga drams ananikodolea macho, najikuta namaliza kabla ya wenzangu. Wakati nyumbani najifua kila usiku! Skeli zote 12 na metronomi ya kwenye simu, nimeziba tarumbeta kwa sababu mwenye nyumba hataki kelele baada ya saa tatu. Zote nazijua. Jukwaani hazinisaidii kitu.

Basi nikafanya hivi. Nilichukua solo moja ya blues kutoka kwenye santuri ya zamani ya Wamarekani, mizunguko miwili, nikaisikiliza kwa kuipunguza kasi, kipande baada ya kipande. Wiki saba. Alhamisi moja ya mwezi wa nne nikaipiga yote, noti kwa noti, hadi pale mwenyewe anapovuta pumzi. Watu walisimama! Kiongozi wa bendi akanikumbatia, akasema, "Huyu binti anabuni balaa." Sikumsahihisha. Tangu siku hiyo kila Alhamisi nairudia, na kila wiki kunyamaza kunakuwa kugumu kidogo zaidi.

Halafu mambo mawili yakatokea. Hoteli imetuongezea Ijumaa, yenye malipo mazuri, ila inataka watu wanne. Kiongozi amenichagua mimi, kamwacha kaka wa saksafoni. Shangazi, huyu kaka ndiye aliyenifundisha kuhesabu baa, vile vipimo vya mapigo ya wimbo, kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu nisipotee. Solo zake zinajikwaa, anakosea, anacheka, anaendelea. Lakini ni zake. Aliponisikia nimechaguliwa akasema, "Hongera, umestahili." Nilitamani ardhi inimeze. Na mwezi wa kumi na moja kuna tamasha ambako nimepangwa kupiga na wageni nisiowajua, wimbo na ufunguo wake, yaani sauti unakojengwa, nitaambiwa siku hiyo hiyo.

La pili ni la wiki mbili zilizopita. Mzee mmoja mgeni alinisogelea nikiwa nafungasha, akainama akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo solo naifahamu. Umeipiga vizuri." Akatabasamu, akaondoka. Toka hapo usingizi sina.

Mchumba wangu anasema nani atajua, mbona bendi zote zinapiga kopi. Mimi najiona mara nikamwambie kiongozi ukweli, mara niache bendi nijifungie mwaka mzima kama yule mpiga saksafoni wa Marekani, Sonny Rollins, aliyekwenda kupigia darajani, mara nikariri solo nyingine mpya kwa ajili ya tamasha yapite. Je, mimi ni mwizi? Au ni mtu wa kusoma noti tu, kipaji cha kubuni sikupewa?

Midomo Imekauka, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jioni nikaiweka, nikairudia asubuhi kabla ya chai. Kwanza nikuambie ninakotoka, usije ukadhani unaongea na bingwa. Jazi siipigi. Kabla ya kusomea unasihi niliimba miaka sita kwenye bendi ya dansi, sauti ya pili, na nilichojifunza zaidi kule ni kukaa kimya mpaka wapulizaji wamalize. Kwenye mambo ya ufundi nimemsumbua rafiki yangu mpiga kinanda anayefundisha. Nikieleza vibaya, kosa ni langu.

Naona umefunga mambo matatu kwenye pindo moja la kanga, ndiyo maana fundo limekuwa gumu. Lipo la kuikariri solo ya mtu. Lipo la kushindwa kupiga ya kwako. Na lipo la kaka wa saksafoni. Umeyaita yote kwa jina moja, wizi, kisha ukajihukumu mara moja kwa yote. Niruhusu niyafungue moja moja, na huenda tusiyakute yote na uzito uleule.

Nianze na kukariri. Charlie Parker, mpiga saksafoni ambaye wanajazi wa dunia nzima bado wanamsoma, alipanda jukwaani Kansas City mwaka 1936, kijana mdogo, akapotea katikati ya wimbo kama unavyopotea wewe. Mpiga drams Jo Jones alichomoa sahani ya shaba akaitupa sakafuni karibu na miguu yake. Kijana akashuka watu wakimcheka. (Wako amekukodolea macho tu, mshukuru.) Kiangazi cha mwaka uliofuata akapata kazi na bendi huko milima ya Ozark, akaenda na santuri za mpiga saksafoni mwenzake, Lester Young, akazikariri solo za yule bwana mpaka zikamkaa mwilini. Aliporudi mjini watu hawakuamini ni yuleyule. Baadaye sana, kwenye mahojiano ya mwaka 1954, alisema kuna miaka mitatu minne alikuwa akifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku. Sikutajii hizo saa ili uziige, wewe una duka la dawa la kufungua asubuhi. Nakutajia kwa sababu ya zile santuri. Mtu tunayemwita mbunifu alianza kwa kukopi.

Hata sisi kwenye dansi hatukuanza vingine. Waliotutangulia walijifunza kwa santuri za Kuba, wakaimba Kihispania wasichojua hata neno lake moja, na humo humo wakapata mwendo wao. Kwa hiyo zile wiki saba zako, mwanangu, sizioni kuwa uchafu. Kwa jinsi ulivyozisimulia, hadi kufuata mahali mwenye solo anapovuta pumzi, naona ndiyo mazoezi ya maana kuliko yote uliyonitajia, na nitayarudia.

Sasa hili la kubuni. Unaandika kama vile wenzako wanapokea noti kutoka hewani na wewe peke yako umenyimwa. Nakuuliza: una hakika? Mimi nimekulia Unguja. Nimesikia wapiga udi na kanuni wakifungua kwa taksimu kabla wimbo haujaingia, mtu peke yake, bila mdundo, anatembea ndani ya makamu, ile ngazi ya sauti za taarabu. Ukimsikiliza mara moja utasema anatunga palepale. Msikilize miezi sita utaanza kuvitambua vijia vyake: hapa huwa anapanda hivi, hapa anazungukazunguka kabla ya kutua, pale amemkumbuka mwalimu wake. Hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Na malenga anayemjibu mwenzake papo hapo hatungi bahari mpya. Mizani minane kwa minane anayo mwilini, vina amevihifadhi kwa mamia, linalozaliwa pale ni jibu tu.

Kuna sentensi yako moja umeipita mbio, mimi ikanikamata. Umesema Jumamosi unapuliza saa mbili mfululizo, wimbo unazaa wimbo, kina mama wakizidi nanyi mnazidi. Halafu ukaongeza, "huo ni muziki wa barabarani tu." Hebu niambie, nani aliyekuandikia hayo saa mbili? Pikapu ikikwama kwenye foleni na bibi harusi bado yuko nyuma, nani anaamua kiitikio kirudiwe mara nane badala ya nne? Mama mmoja akiteremka kwenye gari na kuanza kucheza mbele yenu, ile sauti unayomrushia umeitoa kwenye kitabu gani? Sisemi kwamba hiyo ni jazi. Nasema huenda swali lako la kipaji ulishalijibu juu ya pikapu, ila yule mwinjilisti bado amekaa benchi akikuangalia, na bado unaogopa kuongeza pambo.

Najua utanijibu: "Shangazi, barabarani kodi, zile sauti zinazopigwa pamoja, ni mbili tatu na hakuna anayesikiliza makosa." Kweli. Blues yako ina baa 12, si zile za bia, na kodi zake, si zile za TRA, zinahama. Kwenye umbo lake la kawaida kodi ya kwanza inakaa baa nne, ya nne inakaa mbili, unarudi ya kwanza mbili, kisha ya tano moja, ya nne moja, na ya kwanza tena mbili. Unapopanda skeli juu ya hayo yote bila kujali kodi imehama, unaongea sarufi safi katika mazungumzo usiyoyasikiliza. Rafiki yangu wa kinanda anasema hapo ndipo wengi wa kutoka kwaya na brasi bendi wanapokwama, wakati wao ndio wenye mtaji. Solfa unayo. Basi imba hivi: kodi ya kwanza ya blues ina mi, na ina ile te iliyoshushwa, ta. Kodi ikihamia ya nne, mi inashuka nusu hatua inakuwa ma, na ta nayo inashuka nusu hatua inakuwa la. Mabadiliko yote yamo kwenye sauti hizo mbili kusogea kidogo, kama vile umesimama sauti ya pili na mwalimu amekupa ishara. Ukizitembeza hizo mbili tu, kwa noti ndefu, mizunguko kumi, bila mbwembwe yoyote, hata mtu asiye na kinanda karibu atasikia wimbo umefika wapi. Wala hutapotea tena, maana kupotea kwako sidhani kama ni kwa vidole.

Kisha irudie ile solo uliyoikariri. Usiitupe, umeilipia. Ila acha kuibeba kama trei ya mayai. Chukua kipande kimoja, baa mbili, ukiimbe kwa mdomo huku metronomi ikigonga pigo la pili na la nne peke yake. Ukishakiimba, kianzishe pigo moja baadaye. Kipeleke kwenye ufunguo mwingine. Kipige nusu, kisha nyamaza baa mbili nzima, ndipo ujijibu kwa maneno yako, hata kama jibu ni noti moja. Kunyamaza ndiko kutakakokutisha zaidi, nakuhakikishia. Niliposimama nyuma ya kipaza sauti nikisubiri zamu yangu, baa nne zilikuwa ndefu kama safari ya Kigoma kwa treni. Lakini ni humo ndani ya kimya unapoanza kumsikia mpiga besi. Ukifanya hivyo dakika ishirini kati ya muda wako wa usiku, na skeli ukaziachia zilizobaki, nadhani mwenye nyumba hataona tofauti, ila wewe utaiona.

Nimesema mengi ya noti. Nikiri ni kwa sababu hapo ndipo kwepesi.

Hili la tatu ndilo lenye kidonda, na unalijua, maana umeliandika katikati ya barua ukalifunika. Kuikariri solo hakujakuumiza. Hata kuipiga mara ya kwanza sidhani, wanamuziki wananukuliana jukwaani kila siku na wenye masikio wanacheka. Kilichokuumiza ni ile "sikumsahihisha". Kiongozi alidhani jambo, ukamwacha adhani, na dhana hiyo sasa imegusa mfuko wa mtu aliyekufundisha kuhesabu. Mchumba wako anasema bendi zote zinapiga kopi, na kwa upande mmoja ana haki. Lakini bendi ya kopi watu wanajua ni kopi. Nadhani hapo ndipo usingizi wako ulipokwendea.

Hata hivyo, nikuulize jingine: una hakika kiongozi alikuchagua kwa ajili ya solo ile peke yake? Kwenye Ijumaa ya watu wanne, mtu anayepiga wimbo safi, anayefika kwa wakati, mwenye sauti nzuri ya tarumbeta, ana thamani yake hata asipopiga solo. Inawezekana pia hoteli inataka tarumbeta tu kwa sababu watalii wanaipenda. Sijui. Wewe nawe hujui, kwa sababu hujauliza, na umejaza pengo hilo kwa jibu baya kuliko yote.

Tuziangalie njia zako, na nitakuomba uniwie radhi nisipokuchagulia.

Kumwambia kiongozi. Uzuri wake ni kwamba utalala. Hatari yake ni kwamba anaweza kuona aibu kwa sababu alishakusifia mbele ya wenye hoteli, na aibu ya mtu mzima mara nyingi hutokea ikiwa imevaa hasira. Unaweza kupoteza Ijumaa. Yawezekana pia akacheka na kukuambia alijua tangu mwezi wa tano. Viongozi wa bendi ni watu wa ajabu, wa kwetu alikuwa anajua kila kitu na hasemi mpaka siku ya mgao wa hela. Ukienda, nadhani maneno yatakuwa mepesi zaidi ukianza na kazi: solo ile nilijifunza kwa santuri, naomba unisaidie nipige za kwangu. Hayo ni ungamo na ni ombi pia.

Au kuanza na kaka wa saksafoni. Hii ndiyo ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu kwa kiongozi utapoteza kazi, kwa kaka unaweza kupoteza mtu. Anaweza kuumia kweli. Anaweza kumweleza kiongozi kabla yako, na ana haki hiyo. Lakini mtazame tena huyu uliyemwelezea: anakosea, anacheka, anaendelea. Huyo ndiye mwenye kile unachokitafuta usiku kwenye skeli. Wapiga jazi wana mchezo wa kupokezana baa nne nne, mmoja anasema, mwingine anajibu, bila kujua mwenzake atasema nini. Solo ya kukariri haiingii kwenye mchezo huo hata kwa kulazimisha. Kama ungemwendea na ombi la kupokezana naye Jumatatu moja, sijui mazungumzo mengine yangejizaa lini, mwanzoni au mwishoni, au yasizaliwe siku hiyo. Wewe ndiye unayemjua.

Kujifungia mwaka mzima. Ah, daraja la Rollins! Wanamuziki wengi wachanga wanalipenda hilo daraja. Ni kweli alilikimbilia, daraja la Williamsburg kule New York, kuanzia mwaka 1959 hadi 1961. Lakini angalia aliliendea akiwa nani. Alikuwa tayari na jina, ameshatoa santuri nyingi, ameshapiga na wakubwa wote wa wakati wake. Alijiondoa kwenye jukwaa alilokwisha kulizoea. Na darajani kwenyewe hakwenda kutafuta kimya, alikwenda kwa sababu majirani wa nyumba yake walikuwa karibu, kama wa kwako wa Sinza, na kule treni zinapita, meli zinapiga honi. Wewe kinachokushinda ni kusikiliza wengine wakipiga. Sasa ukijifungia na kuwaondoa hao wengine, utajifunzia wapi? Pamoja na hayo, siwezi kusema pumziko halina faida. Mwezi mmoja bila ile solo, kwa mfano, ukiwa bado kwenye bendi, nao ni daraja la aina yake. Hatari ni kwamba Alhamisi za kwanza zitakuwa mbaya. Watu waliozoea kusimama watakaa. Jiulize kama unaweza kuzivumilia Alhamisi nne mbaya ukizijua sababu.

Na ile ya kukariri nyingine kwa ajili ya tamasha. Sitaikejeli, kwa sababu mwenye hofu hushika kilicho karibu. Ila umesema mwenyewe kwamba wimbo na ufunguo utaambiwa siku hiyo hiyo. Ukikariri kwa ufunguo mmoja na ukapewa mwingine, utakuwa umerudi palepale kwenye kichwa cheupe, safari hii mbele ya wageni. Unaweza kumwomba mwandalizi akuweke kwenye wimbo wa blues, watu huomba hivyo na hakuna dhambi, halafu ukapiga mzunguko mmoja tu badala ya mitatu. Mzunguko mmoja wenye zile sauti mbili zinazosogea, na kimya katikati, ni solo. Fupi, lakini ni solo. Unaweza pia kuomba usipangwe mwaka huu, na hilo nalo lina gharama yake, maana mwakani huenda wasikuite.

Umeniuliza kama wewe ni mwizi. Nimeizungushazungusha hiyo kichwani na naona neno hilo halilingani na barua yako. Mwizi haandiki mara tatu akifuta. Ila sitakuambia pia kwamba huna la kurekebisha, kwa sababu ungeacha kuniamini hapohapo.

Naomba unisaidie jambo moja kabla hujaamua lolote. Yule mzee. Umeisoma sentensi yake ya kwanza, "hiyo solo naifahamu," ukaibeba nyumbani kama hati ya mashtaka. Ya pili umeiacha hotelini. Alisema umeipiga vizuri, na alitabasamu. Inawezekana ni mtu aliyeisikia santuri ile zamani, akiwa kijana, na hakutegemea kuisikia Dar es Salaam siku ya Alhamisi kutoka kwa binti wa Machame. Akirudi usimkimbie. Mwulize aliisikia wapi mara ya kwanza, na kama anazo nyingine nyumbani.

Shangazi